Neno, Udongo na Mti: Utafiti wa Udaktari na Urejeshaji wa Bioanuwai katika Mashamba ya Kolwezi

1. Utangulizi

Tasnifu ya udaktari inayohusu ardhi ya Katanga kwa kawaida huandikwa kwa Kifaransa. Mahojiano yake na wakulima mara nyingi hufanywa kwa Kiswahili. Wakulima wenyewe, hasa wazee, huyajua mambo ya udongo na miti kwanza kwa Kisanga, Kindembo, Kilunda, Kiluba au Kichokwe. Maarifa hupita basi katika lugha tatu kabla ya kufika kwenye ukurasa, na kila yanapovuka mpaka wa lugha hupungua kidogo. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini upungufu huo si jambo dogo, hasa wakati huu ambapo mataifa yameahidi kurudisha bioanuwai katika ardhi iliyoharibika.

Kwa neno bioanuwai hapa inakusudiwa wingi na tofauti za viumbe hai wa mahali fulani: mimea, wanyama, uyoga, wadudu na vijidudu vya udongoni, pamoja na uhusiano wao. Kwa neno urejeshaji inakusudiwa kazi ya kuisaidia ardhi iliyoharibiwa ipate tena uoto na viumbe vyake. Umoja wa Mataifa uliitangaza miaka ya 2021 hadi 2030 kuwa muongo wa urejeshaji wa mifumo ya ikolojia. Mnamo Desemba 2022, huko Montreal, mataifa yalikubaliana kwamba kufikia mwaka 2030 angalau asilimia 30 ya maeneo yaliyoharibika yawe chini ya kazi ya urejeshaji. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo, katika mpango wa Afrika wa kurudisha misitu, iliahidi hekta milioni 8.

Ahadi hizo hupimwa kwa hekta. Lakini hekta haisemi ni mti gani urudishwe, shambani mwa nani, wala kwa faida ya nani. Maswali hayo ndiyo yanayoachwa kwa watafiti, na hakuna taaluma moja inayoweza kuyajibu peke yake.

2. Kolwezi: mji wa mgodi na mashamba yake

Kolwezi ulianzishwa na kampuni ya Union Minière mwaka 1937, na tangu mwaka 2015 ni makao makuu ya mkoa wa Lualaba. Umekaa juu ya uwanda wa Manika, katika ukanda wa madini ya shaba na kobalti unaoelekea kusini-mashariki hadi Lubumbashi na kuvuka mpaka kuingia Zambia. Madini hayo yaliitawala hata lugha ya utawala: kuanzia mwaka 1971 hadi 1997 Katanga nzima iliitwa Shaba, neno la Kiswahili likiwa jina rasmi la mkoa katika nchi ambayo shughuli zake za serikali huandikwa kwa Kifaransa.

Kwa muda mrefu mgodi ulilisha mji. Mfanyakazi alipata mshahara, nyumba, hospitali, shule na posho ya unga. Hali hiyo ilivunjika katika miaka ya 1990. Shirika la Gécamines, ambalo katikati ya miaka ya 1980 lilizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, lilianguka hadi chini ya tani 50,000 katika muda usiofika miaka kumi. Mwezi Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, iliporomoka. Kisha mnamo 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa shirika hilo waliachishwa kazi katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliogharimiwa na Benki ya Dunia.

Familia zilizopoteza mshahara ziligeukia jembe, shoka na machimbo ya mikono. Ardhi ya pembezoni mwa mji ililimwa mahindi na mihogo, na miti yake ikachomwa makala. Hapa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi inafaa atahadharishwe: makala ya Kongo si maandishi ya jarida, bali ni mkaa wa kupikia. Mahitaji ya makala ni makubwa kwa kuwa jiko la mjini hulitegemea hata pale nyaya za umeme wa mgodi zinapopita juu ya paa. Katika eneo linalolisha Lubumbashi kwa makala, picha za setilaiti zinaonyesha kwamba karibu nusu ya msitu ilitoweka kati ya mwaka 1990 na 2022. Kolwezi, ambao umekua haraka tangu kampuni mpya za madini zilipoingia, umo katika njia hiyo hiyo.

Kwa hiyo mashamba ya Kolwezi si mashamba ya kijiji cha kale yaliyokutwa na uharibifu kutoka nje. Ni mashamba yaliyozaliwa na mgodi, juu ya ardhi ambayo mgodi bado unaidai. Mtafiti anayeanza kwa kumlaumu mkulima kwa kukata miti atakuwa ameanzia katikati ya hadithi.

3. Mimea ya shaba

Vilima vya shaba vya Katanga vina uoto wa pekee. Udongo wake una shaba nyingi kiasi kwamba mahindi hayawezi kustawi na miti mikubwa haioti, hata kilima huonekana kwa mbali kama kipara katikati ya msitu. Juu ya kipara hicho huota nyasi na maua yaliyozoea sumu. Mtaalamu wa mimea Paul Duvigneaud aliueleza uoto huo katika miaka ya 1950. Tafiti zilizofuata, za François Malaisse, Pierre Meerts, Michel-Pierre Faucon na wenzao wa Lubumbashi, Gembloux na Brussels, zimeonyesha kwamba spishi zaidi ya 500 huweza kuishi katika udongo huo, na takriban 30 kati yake hazipatikani mahali pengine po pote duniani.

Mimea hiyo ina historia ya pamoja na binadamu. Haumaniastrum katangense huota juu ya mabaki ya matanuri ambamo mafundi wa kale waliyeyusha shaba, na kwa ajili hiyo wanaakiolojia wameufuata kama alama ya kutafutia karakana zilizosahauliwa. Wachunguzi wa madini nao waliyafuata maua ya aina hiyo ili kupata mahali pa kuchimba. Kwa hiyo mmea ulimwonyesha mtu shaba, na mtu alipoipata shaba akaufukua mmea.

Mfano mchungu uko Kolwezi penyewe. Acalypha dikuluwensis ni mmea uliopewa jina la Dikuluwe, mahali ambapo leo ni shimo la mgodi. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, liliuandika katika orodha yake kuwa umetoweka duniani. Jina limebaki katika vitabu. Kilichoitwa kwa jina hilo hakipo.

Je, jambo hili lamhusu nini mkulima wa mahindi? Jibu linapatikana Penga Penga, mtaa wa Lubumbashi ulioko upande ambao moshi wa tanuri la Gécamines ulipelekwa na upepo kwa miaka mingi. Udongo wa huko ulijaa metali, ukawa tupu, na vumbi lake likaingia katika nyumba na bustani. Mylor Ngoy Shutcha wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, katika utafiti wake wa udaktari na majaribio yaliyofuata, alipanda nyasi za asili katika udongo huo, uliochanganywa kwanza na mboji na chokaa. Shabaha haikuwa kuiondoa shaba ardhini, kwa kuwa hilo lingechukua karne nyingi. Shabaha ilikuwa kuifunika na kuifunga, ili isipeperuke wala isitiririke. Nyasi kama Rendlia altera na Microchloa kunthii, zilizozoea vilima vya shaba, ziliweza kuishika ardhi ambayo mimea ya kawaida haiwezi.

Maana yake ni nzito. Dawa ya udongo uliotiwa sumu na mgodi imo katika uoto ule ule ambao mgodi unaufuta. Kilima kinachochimbwa leo bila kuokoa mbegu zake kinapunguza uwezo wa kutibu mashamba kesho. Na hitaji la tiba si la kubuni. Mwaka 2018 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Lubumbashi na wenzake wa Leuven walichapisha uchunguzi wa mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao. Kiasi cha kobalti katika vumbi la nyumbani na katika mkojo wa wakazi, hasa watoto, kilikuwa kikubwa kuliko cha mtaa waliolinganishwa nao. Hapa daktari, mtaalamu wa udongo na mtaalamu wa mimea wanakutana, watake wasitake.

4. Miombo, moto na vichuguu

Mashamba mengi lakini hayako juu ya vilima vya shaba. Yako katika miombo, yaani msitu wa wazi ambao hupata mvua kati ya Novemba na Aprili na kukauka miezi inayobaki. Miti yake mikuu ni ya jenasi za Brachystegia, Julbernardia na Isoberlinia. Mingi ya miti hiyo, ikikatwa, haifi. Huchipua tena kutoka katika kisiki na mizizi. Shamba lililofyekwa kwa shoka na kulimwa kwa jembe la mkono hubaki na msitu mdogo uliojificha chini ya udongo, ukingoja kupumzishwa.

Adui wa machipukizi hayo ni moto wa mwisho wa kiangazi. Jambo hili lilithibitishwa ng'ambo ya mpaka, karibu na Ndola, katika majaribio yaliyoanza mwaka 1933 na ambayo C. G. Trapnell alitoa matokeo yake mwaka 1959. Sehemu iliyokingwa na moto ilirudi kuwa msitu. Iliyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa kavu kabisa, iligeuka uwanja wa majani. Iliyochomwa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, ilivumilia. Kwa hiyo mara nyingi urejeshaji wa bei nafuu zaidi hauhitaji kitalu wala miche: wahitaji makubaliano ya kijiji kuhusu tarehe ya kuchoma moto. Na makubaliano ni suala la maneno, mamlaka na imani, si la botania.

Jambo la pili ni vichuguu. Katika Katanga ya kusini mchwa wa spishi ya Macrotermes falciger hujenga vichuguu vinavyoweza kuzidi mita 5 kwa kimo. Basile Mujinya wa Lubumbashi na wenzake wa Ubelgiji waliupima umri wa baadhi yake kwa njia ya kaboni, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha zaidi ya miaka 2,000. Udongo wake una rutuba kuliko ardhi inayouzunguka, ambayo ni chachu na iliyochujwa na mvua. Kwa hiyo mkulima huusambaza shambani, na fundi huuchukua kufyatulia matofali. Juu ya kichuguu huota miti ambayo haioti pembeni yake. Katika shamba lililofyekwa, kichuguu kilichoachwa na miti yake ni kisiwa cha mbegu. Kikisawazishwa kwa ajili ya matofali, kazi ya miaka 2,000 huishia katika ukuta mmoja.

Jambo la tatu ni chakula. Miti ya miombo huishi pamoja na uyoga katika mizizi yake, na kitabu cha De Kesel, Kasongo na Degreef cha mwaka 2017 kimeeleza kwa urefu uyoga unaoliwa wa Katanga ya Juu. Miti hiyo pia hulisha viwavi vinavyouzwa sokoni. Katika nyanda zenye majimaji huchimbwa viazi vya okidi za porini, ambavyo vikichanganywa na karanga hutoa chakula kiitwacho kikanda. Wachumaji na wauzaji wengi ni wanawake. Mradi ukipanda mkaratusi au mgunga wa Australia wa aina moja tu, utaleta nguzo na makala, nao utaitwa urejeshaji katika taarifa. Lakini hautarudisha mapato ya mama aliyekuwa akichuma viwavi. Kupanda miti ni kitu kimoja, kurudisha bioanuwai ni kitu kingine.

5. Nafasi ya lugha

Kutokana na hayo yote ni dhahiri kwamba tasnifu moja juu ya mashamba ya Kolwezi yapasa kugusa kemia ya udongo, botania, afya, uchumi wa nyumbani na sheria ya ardhi. Vyuo vimeanza kulitambua hilo. Shule ya ERAIFT ya Kinshasa, iliyoanzishwa mwaka 1999 kwa msaada wa UNESCO, ilijengwa juu ya msingi wa kuunganisha taaluma, na ushirikiano wa Lubumbashi na vyuo vya Ubelgiji umewaweka pamoja wataalamu wa mimea na wa kilimo. Isimu hata hivyo huachwa nje, kana kwamba lugha ni kioo kisafi cha kutazamia mambo.

Historia ya botania ya Katanga inakanusha dhana hiyo. Wanasayansi walipokosa maneno ya Kifaransa ya kutaja uoto waliouona, waliyaazima ya wenyeji. Miombo ni wingi wa muombo, jina la mti wa Brachystegia katika lugha kadhaa za Kibantu. Muhulu ni msitu mnene wa mahali pakavu. Mushitu ni msitu wa penye maji, nao ni ndugu wa neno msitu la Kiswahili. Dilungu ni uwanda wa nyasi juu ya mchanga wa nyanda za juu kama Manika, na dembo ni bonde la majani linalojaa maji wakati wa masika. Uainishaji huo haukubuniwa na maprofesa. Ulikuwapo katika lugha, nao ukawa istilahi ya kimataifa.

Tazama sasa kinachotokea mahojiano yanapofanywa kwa Kiswahili cha kawaida cha Kongo. Neno pori hutumika kwa msitu, kwa kichaka na kwa shamba lililoachwa lipumzike. Mtafiti mwenye fomu ya Kifaransa inayotenganisha vitu hivyo vitatu, akitafsiri vyote kwa pori, atapata jibu moja kwa maswali matatu. Ataandika kwamba mkulima hatofautishi, hali aliyeshindwa kutofautisha ni fomu. Kadhalika neno muti katika Kiswahili cha huko laweza kuwa mmea unaosimama au dawa inayotolewa kwake. Anayeuliza ni miti gani yenye faida asishangae akijibiwa orodha ya magonjwa.

Istilahi mpya nazo zina mitego. Mandhari hutumika leo kutafsiri dhana ya kiikolojia ya eneo lenye mashamba, misitu, mabonde na makazi yanayoathiriana. Lakini kwa msemaji wa kawaida mandhari ni kile kinachopendeza macho. Mwanakijiji akiambiwa kwamba wageni wanataka kuyatengeneza mandhari, anaweza kufahamu kwamba ardhi yake inapambwa kwa ajili ya watalii. Bioanuwai ni neno zuri la kitabuni, ila kijijini halina mizizi bado. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na anayeuliza kwa neno lisilofahamika hujifunza machache.

6. Funzo kutoka Shinyanga

Kwamba neno la wenyeji laweza kubeba urejeshaji mzima si nadharia tupu. Mkoa wa Shinyanga, Tanzania, ulipoteza miti yake kwa kampeni za kufyeka pori ili kuangamiza mbung'o, kwa kilimo cha pamba, na kwa kuhamishwa kwa watu katika vijiji vya ujamaa. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofahamika kama HASHI, ukaendelea hadi mwaka 2004. Mradi ulianza kwa kugawa miche, na mafanikio yalikuwa haba. Kilicholeta mabadiliko ni ngitili.

Ngitili ni neno la Kisukuma kwa sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa masika ili mifugo iikute kiangazi. Desturi hiyo ilikuwa na sheria zake, wazee wake na adhabu zake. Mradi ulipoitambua na kuiongezea miti, eneo la ngitili lililokuwa limeandikwa kuwa hekta 600 hivi mwaka 1986 lilifikia zaidi ya hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000, na spishi zaidi ya 150 za miti, vichaka na mimea inayotambaa zilihesabiwa humo. Mengi yalirudi yenyewe, kwa kuwa visiki vilikuwa bado hai, kama ilivyo katika miombo ya Lualaba.

Kolwezi si Shinyanga. Ng'ombe si wengi, wakazi wametoka sehemu nyingi, na leseni ya madini yaweza kulifuta shamba kwa siku moja. Ngitili haiwezi kuhamishwa kama mche. Linaloweza kuigwa ni utaratibu: kutafuta kwanza ni nini tayari kina jina na kanuni miongoni mwa watu, ndipo mradi ujengwe juu yake. Desturi za kichuguu kisichoguswa, za mti wa matunda usiokatwa, au za tarehe ya moto, zikiwapo katika kijiji fulani, ni msingi wa thamani kuliko kitalu.

7. Hitimisho

Yafuata kwamba mpango wa tasnifu ya urejeshaji katika Ukanda wa Shaba ungepaswa kuwa na mambo matatu zaidi ya vipimo vya udongo na ramani za setilaiti. La kwanza ni orodha ya majina ya aina za ardhi, miti na hatua za mapumziko ya shamba, katika lugha ya kijiji na katika Kiswahili cha mahali, iliyokusanywa kabla ya fomu ya maswali kutungwa. La pili ni mwanaisimu katika jopo la wasimamizi, au angalau mafunzo ya isimu kwa mtafiti. La tatu ni muhtasari wa Kiswahili utakaosomwa mbele ya wale waliohojiwa, ili waukosoe kabla tasnifu haijatetewa chuoni.

Jambo hilo la tatu ndilo linalokosekana zaidi, na ndilo linalogusa haki. Mkulima aliyetoa siku nzima kueleza kwa nini hakati mti fulani anastahili kujua alieleweka vipi. Isitoshe, yeye ndiye atakayebaki na mti huo mtafiti akiisha kupata shahada yake.

Hazina ya Kiswahili cha Katanga imechunguzwa kwa upande wa historia, sarufi na sanaa. Kwa upande wa udongo na mimea kazi bado ni changa, na wajuzi wake ni wazee. Acalypha dikuluwensis ilitoweka jina lake likiwa limekwisha andikwa. Katika vijiji vinavyozunguka Kolwezi iko mimea ambayo ingali hai ilhali majina yake yanakwenda na wanaoyajua, na mmea usio na jina kinywani mwa watu hauna wa kuutetea siku tingatinga linapofika.